Umebadilisha Saizi ya Tairi? Jinsi ya Kujua Kama Spidi ya Dashibodi Bado ni ya Kweli

"Nikifunga tairi kubwa, spidi itadanganya?" "Nimetoka rimu 14 kwenda 15, nina shida?" "Tangu nibadilishe tairi gari limeanza kula mafuta, kwa nini?" Maswali haya matatu hayaishi, na mara nyingi yanaulizwa wakati hela imeshatoka na tairi limeshafungwa. Nimeyaweka majibu yake hapa kwa hatua, ili mwenye simu na kalamu ajipimie mwenyewe bila kutegemea neno la muuza tairi.

Jibu fupi ni hili: tairi likiwa kubwa kuliko la kiwandani, gari linakwenda kasi zaidi ya mshale unavyosema. Likiwa dogo, linakwenda polepole kuliko mshale. Kinachobaki ni kujua tofauti ni kiasi gani, na hapo ndipo watu wengi wanakisia.

Kinachotokea, kwa ufupi

Gari halijui limesafiri umbali gani. Linahesabu mizunguko tu. Magari ya zamani yana kebo inayozungushwa na giaboksi mpaka nyuma ya dashibodi, yaliyofuata yana sensa kwenye giaboksi, na mengi ya siku hizi yanachukua hesabu kwenye sensa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) zilizo kwenye magurudumu. Kwa vyovyote vile, kiwanda kilishaamua kwamba mzunguko mmoja wa tairi ni urefu fulani wa barabara. Spidomita za kebo za Kijapani, kwa mfano, zinasoma 60 pale kebo inapozunguka mara 637 kwa dakika. Ukifunga tairi refu zaidi, kila mzunguko unakusogeza mbali zaidi, lakini dashibodi inaendelea kuhesabu kwa urefu ule wa zamani.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: hata kabla hujagusa tairi, spidomita yako huenda inazidisha. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo Japani na nchi nyingi zinazotengeneza magari zinaifuata, inakataza spidomita kuonyesha pungufu ya kasi halisi, ila inairuhusu kuzidisha mpaka sehemu moja ya kumi ya kasi pamoja na kilomita 4. Gari linalokwenda 80 halisi linaruhusiwa kuonyesha mpaka 92. Kwa hiyo viwanda huacha akiba kidogo upande wa usalama. Tairi kubwa ndilo linalokula akiba hiyo, na likizidi, mshale unaanza kusema pungufu.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Saizi ya kiwandani, kutoka kwenye stika ya mlango
- Saizi ya tairi ulilonalo sasa na ya lile unalotaka kununua
- Simu yenye kikokotoo na programu yoyote ya kupima spidi kwa GPS
- Kipimo cha upepo
- Chaki, na futi ya seremala yenye urefu wa mita 5 au zaidi
- Mtu wa kukaa kiti cha abiria na kusoma simu. Huyu si hiari. Dereva hasomi simu.
- Kipande cha barabara kilichonyooka, tambarare, chenye magari machache

Kama bado hujafungua tairi za zamani, simama hapo hapo. Fanya hatua ya 6 kwanza ukiwa nazo, kisha urudi hatua ya 1. Ukishazifungua na kuziuza huwezi tena kujua spidomita yako ilikuwa inazidisha kwa kiasi gani, na utabaki na hesabu nusu.

Hatua kwa hatua

1. Soma stika, usisome tairi lililopo

Fungua mlango wa dereva na uangalie kwenye nguzo ya mlango au ubavuni mwa mlango wenyewe. Magari mengi yaliyotoka Japani yana stika ya Kijapani, lakini huhitaji kujua lugha hiyo. Tafuta mstari wenye sura kama 195/65R15 91S, na pembeni yake namba ya upepo kama 220 kPa, ambayo ni karibu psi 32. Wakati mwingine kuna saizi mbili au tatu, kwa sababu gari la jina moja liliuzwa na rimu tofauti. Zote hizo ni za kiwandani na vipenyo vyake huwa vinakaribiana sana.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua saizi iliyoandikwa kwenye tairi lililopo na kusema ndiyo ya kiwandani. Gari limeshapita mikononi mwa watu wawili au watatu kabla yako. Mmoja wao anaweza kuwa alifunga kilichopatikana siku hiyo.

2. Elewa namba tatu zinazohusika

Kwenye 195/65R15, ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 65 ni urefu wa ubavu, ila si milimita, ni asilimia 65 ya upana. Na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi R inaonyesha muundo wa tairi tu, haina kazi kwenye hesabu yetu.

Hiyo asilimia ndiyo inayowapoteza watu. Mtu anasema, "Nimebakiza 65 na 15 vile vile, nimeongeza upana tu, tairi liwe nene lishike barabara." Upana ukiongezeka, asilimia 65 yake nayo inaongezeka, kwa hiyo tairi limekuwa refu pia.

3. Kokotoa kipenyo cha kila tairi

Kanuni ni moja:

Kipenyo = (rimu × 25.4) + (2 × upana × asilimia ya ubavu)

Kwa 195/65R15: rimu ni 15 × 25.4 = 381. Ubavu ni 195 × 0.65 = 126.75, mara mbili kwa sababu kuna ubavu wa juu na wa chini, 253.5. Jumla ni milimita 634.5.

Sasa chukua 205/65R15, lile la "nimeongeza upana tu": 381 + (2 × 205 × 0.65) = 647.5. Umeongeza milimita 13 za urefu bila kukusudia.

Halafu chukua 205/55R16, ambalo mtu ataogopa kwa sababu rimu imepanda: 406.4 + (2 × 205 × 0.55) = 631.9. Pungufu ya lile la kwanza kwa milimita 2.6 tu. Namba ya rimu peke yake haikuambii chochote kuhusu spidi. Rimu inaweza kupanda na ubavu ukashuka, kipenyo kikabaki pale pale.

Tairi zilizoandikwa kwa inchi, kama 31x10.50R15, ni rahisi zaidi: namba ya kwanza ndiyo kipenyo. 31 × 25.4 = milimita 787. Zile za malori na Land Cruiser za zamani zilizoandikwa 7.50R16 hazina asilimia ya ubavu, kwa hiyo ziache mpaka hatua ya 7, uzipime kwa kuzungusha.

4. Gawanya kipya kwa cha kiwandani

Kipenyo kipya ÷ kipenyo cha kiwandani = kizidishi chako.

Kizidishi hicho ndicho unachozidishia spidi na kilomita. Hapa kuna mifano ya mabadiliko yanayofanywa sana, nimeshaikokotoa:

195/65R15 kwenda 205/55R16: 0.996. Hakuna cha kuhangaikia.
195/65R15 kwenda 205/65R15: 1.020. Asilimia 2 juu.
175/65R14 kwenda 185/70R14: 1.054. Asilimia 5.4 juu, na hii inafanyika sana kwa watu wanaotaka gari dogo linyanyuke kidogo.
Suzuki Jimny ya sasa, 195/80R15 kwenda 215/75R15: 1.015. Kwenda 235/75R15: 1.058.
Prado ya 265/65R17 kwenda 265/70R17: 1.034. Kwenda 285/70R17: 1.070.

Tazama hiyo ya mwisho. Asilimia 7 ni ndogo kwa maneno. Barabarani, kama spidomita ya Prado hiyo ilikuwa sahihi kabisa, mshale ukisema 50 unakwenda 53.5, ukisema 80 unakwenda 85.6, na ukisema 100 unakwenda 107. Kwenye kijiji chenye kibao cha 50, dereva mwenye nia njema kabisa anapigwa tochi ya kupima kasi, anamwapia trafiki kwamba alikuwa 50, na wote wawili wanasema kweli kwa vile kila mmoja anavyoona.

5. Amua kabla ya kulipa

Mafundi wengi wa tairi wanashika asilimia 3 juu au chini kuwa mwisho. Nakubaliana nao, ila kwa upande wa juu ningependa ubaki chini zaidi ya hapo, kwa sababu upande huo ndio unaokupeleka kwenye tochi na ndio unaoongeza umbali wa kusimama bila wewe kujua.

Kipenyo si kitu pekee cha kukagua wakati huo. Kuna mambo matatu ambayo ukiyaruka, spidi haitakuwa tatizo lako kubwa:

Uzito. Ile 91 iliyofuata saizi ni uwezo wa kubeba: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. Tairi jipya lisiwe na namba ndogo kuliko ya stika. Hiace na magari mengine ya mizigo yasifungwe tairi za gari dogo hata kama zinaingia kwenye rimu.

Herufi ya kasi. S ni mpaka 180, T ni 190, H ni 210. Usishuke chini ya ile ya kiwandani.

Nafasi. Geuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, gari likiwa na abiria. Tairi linalosugua plastiki ya ndani ya bodi gari likiwa tupu litasugua zaidi likiwa limepakia.

Onyo kwa wenye gari linalovuta magurudumu yote manne: tairi zote nne ziwe saizi moja, na zisipishane sana kwa kuisha. Kufunga mbili kubwa nyuma na mbili za zamani mbele kunafanya mbele na nyuma vizunguke kwa kasi tofauti muda wote, na diferensho au kapilingi ya katikati inachemka na kuharibika. Bei yake inazidi kwa mbali akiba ya tairi mbili.

6. Pima barabarani kwa GPS

Hatua hii unaifanya mara mbili: mara moja na tairi za zamani, mara moja na mpya. GPS ya simu inapima mwendo kwa satelaiti, haijui tairi lako lina ukubwa gani, na ndiyo sababu inafaa kuwa shahidi. Haihitaji bando, inahitaji anga wazi tu.

Jaza upepo wa stika tairi zikiwa za baridi. Fungua programu, subiri ishara itulie, weka simu karibu na kioo cha mbele. Nenda kwenye kipande tambarare na uweke mwendo wa 50 kwenye mshale, ukiushikilia kwa sekunde 20 hivi. GPS huchelewa kidogo kukufuata, kwa hiyo usomaji wa sekunde za kwanza haufai. Abiria aandike namba iliyotulia. Rudia kwa 80 pale panaporuhusiwa. Kisha geuza, urudi njia ile ile, upime tena, na uchukue wastani.

Tuseme na tairi za kiwandani mshale ulisema 80 na simu ikasema 76. Spidomita yako inazidisha, kama kawaida. Sasa zidisha 76 kwa kizidishi cha hatua ya 4. Kwa Prado ya 265/70R17 unapata 78.6, bado uko upande salama. Kwa 285/70R17 unapata 81.3: mshale unasema 80, gari limeshapita 80. Hii ndiyo sababu nilisema usifungue tairi za zamani kabla ya kupima. Mtu mmoja anaweza kuongeza asilimia 3 akabaki salama, mwingine mwenye spidomita iliyokuwa sahihi tangu mwanzo akaongeza asilimia hiyo hiyo akawa anavunja sheria kila siku.

Kama simu yako haina GPS nzuri, tumia nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara kuu. Shikilia mshale kwenye 60, abiria aanze kuhesabu sekunde mkipita nguzo moja na amalize nguzo ya tano kutoka hapo. Kasi halisi ni 18,000 ÷ sekunde hizo. Sekunde 300 ni 60 kamili, sekunde 315 ni 57. Usitumie kilomita moja pekee, kwa sababu nguzo nyingine ziling'olewa na ajali zikarudishwa mahali pasipo pake.

7. Pima mzingo kwa chaki

Hatua hii ni kwa wenye tairi zisizo na asilimia, na kwa yeyote anayetaka kuhakikisha kwamba alichouziwa ndicho kilichoandikwa. Tairi mbili za saizi moja kutoka viwanda viwili zinaweza kupishana milimita kadhaa.

Weka gari kwenye sakafu tambarare, ya sementi ikiwezekana, upepo ukiwa sawa. Dereva akae kwenye usukani, gari limewashwa ili breki zifanye kazi, gia ikiwa N. Chora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi, pale pale linapogusa chini, na mwingine sakafuni chini yake. Sukumeni gari polepole mbele, mwendo wa kunyooka, mpaka mstari wa tairi urudi chini mara ya pili. Chora sakafuni. Pima umbali kati ya alama mbili za sakafuni na ugawanye kwa mbili. Huo ndio urefu wa mzunguko mmoja.

Utashangaa kwamba umepata pungufu ya hesabu. Kwa 195/65R15, kipenyo 634.5 mara 3.1416 ni milimita 1,993, lakini futi itakupa pungufu ya hapo kwa asilimia chache. Hujakosea. Tairi limebeba gari, kwa hiyo chini limekandamizwa. Kosa ni kulinganisha namba ya futi ya tairi jipya na namba ya kikokotoo ya tairi la zamani. Linganisha futi kwa futi, au kikokotoo kwa kikokotoo.

8. Rekebisha kilomita na hesabu ya mafuta

Watu wanakumbuka mshale, wanasahau kilomita. Zote zinatoka kwenye hesabu moja ya mizunguko.

Kwa ile Prado ya kizidishi 1.07, odomita (kihesabu cha kilomita) ikiongezeka 5,000, gari limetembea 5,350. Kama unabadilisha oili kila 5,000 kwa odomita, unachelewa kila mara. Badilisha odomita ikionyesha 4,670 hivi.

Na hapa ndipo lilipo jibu la "gari limeanza kula mafuta". Tuseme umetoka tangi limejaa mpaka kujaza tena, odomita imeongezeka 600, umeweka lita 80. Unagawanya unapata kilomita 7.5 kwa lita na unaanza kumtafuta fundi. Lakini umbali halisi ulikuwa 642, yaani kilomita 8 kwa lita. Sehemu ya ulaji huo ipo kwenye odomita tu. Sehemu nyingine ni ya kweli, kwa sababu tairi kubwa ni zito na injini inafanya kazi zaidi kulianzisha, ila usiwalaumu plagi na nozeli kabla ya kuzidisha.

Aliyefunga tairi dogo ana tatizo la kinyume. Odomita inakimbia mbele. Gari la 185/70R14 lililofungwa 175/65R14 linaandika kilomita 1,000 wakati limetembea kama 949. Spidi haitakuponza, lakini siku ya kuuza gari unauza na kilomita ambazo hazikutembewa, na kila kilima cha barabarani sasa kipo karibu zaidi na tumbo la gari.

9. Chagua namna ya kusahihisha

Kama tofauti ni ndogo na mshale bado unazidisha kidogo, usifanye kitu. Kama umeanza kusema pungufu kidogo tu, mwandikie kila atakayeendesha kikaratasi na ukibandike pembeni ya dashibodi: "mshale 50 = 52, mshale 80 = 83." Hakuna suluhisho la bei rahisi kuliko hilo, na linafanya kazi vizuri hasa kwa gari lenye madereva wawili.

Tofauti ikiwa kubwa, inategemea gari. Lenye kebo lina gia ndogo ya plastiki kwenye giaboksi inayozungusha kebo hiyo, na kwa aina nyingi za magari zipo gia za meno tofauti zinazoingiliana. Lenye sensa ya giaboksi linaweza kufungiwa kisanduku kidogo kati ya sensa na dashibodi, kinachoongeza au kupunguza ishara kwa asilimia unayoiweka. Lenye sensa za ABS ni kazi ya kompyuta: baadhi yanakubali kuandikiwa saizi mpya ya tairi kwa mashine ya fundi umeme, mengine hayakubali kabisa. Mwambie fundi akuonyeshe mahali pa kubadilisha kwenye mashine yake kabla hujatoa hela.

Usikubali mtu ang'oe mshale wa spidi na kuubandika upya ukiwa umesogea. Kosa la tairi ni asilimia, linakua kadiri kasi inavyopanda. Kusogeza mshale kunaongeza namba ile ile kila mahali, kwa hiyo utakuwa sahihi kwenye kasi moja na mwongo kwenye nyingine zote, na odomita itabaki ilivyokuwa.

Baada ya marekebisho yoyote, rudia hatua ya 6. Fundi akisema "tayari", maana yake ni tayari kupimwa.

Kwa wenye mabasi

Mabasi ya abiria Tanzania mwisho wake ni 80, na mfumo wa LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini) wa kufuatilia mabasi unasoma kasi kwa satelaiti, hausomi dashibodi. Dereva anayeutegemea mshale wa gari lenye tairi kubwa anaweza kuandikwa huku akiamini ametii. Mwenye gari ndiye anayenunua tairi, kwa hiyo ni haki ya dereva kupewa kile kikaratasi cha hatua ya 9 siku tairi zinapofungwa.

Mambo yakienda kombo

*Mshale hausogei kabisa, au unarukaruka, baada ya kufunga tairi.* Hiyo si saizi. Saizi haiwezi kuufanya mshale uruke. Angalia waya wa sensa ya gurudumu, huenda ulikatwa au kuchomoka wakati wa kufungua, au kebo imekauka grisi.

*Taa ya ABS imewaka.* Kama umefunga saizi mbili tofauti mbele na nyuma, kompyuta inaona magurudumu yanazunguka kwa kasi zisizolingana. Rudisha zote ziwe sawa kwanza. Kama zote ni sawa, rudi kwenye waya wa sensa.

*Nimeunganisha kifaa cha OBD (kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake) kwenye simu, kinaonyesha karibu sawa na mshale, kwa hiyo niko salama.* Hapana. OBD inachukua hesabu ile ile ya mizunguko kutoka kwenye kompyuta ya gari. Nayo haijui umebadilisha tairi. Tumia GPS.

*GPS inatoa namba tofauti kila nikipima.* Umepima kwenye milima, chini ya miti mingi, au mwendo haukutulia. Chagua mahali wazi na ushikilie kasi muda mrefu zaidi.

*Mshale uko sawa kwenye 50 lakini umekosea sana kwenye 100.* Tairi linaleta asilimia ile ile kila kasi. Kosa likiwa halifuati mpangilio huo, tatizo lipo kwenye spidomita yenyewe.

*Sijabadilisha saizi, nimefunga mpya za saizi ile ile, na bado spidi imebadilika.* Inawezekana kabisa. Tairi jipya la gari dogo huwa na meno ya milimita 8 hivi, na kikomo kinachotumika nchi nyingi ni milimita 1.6. Kwa 195/65R15, tairi lililoisha kufikia hapo limepungua kipenyo kwa karibu milimita 13, ambayo ni asilimia 2. Ulikuwa umezoea tairi kipara. Pima tena na mpya na uandike namba hizo, maana ndizo zitakazokuwa na akiba ndogo kuliko wakati wowote wa maisha ya tairi hilo.

*Gari limekuwa zito kuondoka na gia zinabadilika kwa kuchelewa.* Tairi kubwa ni kama umepunguza nguvu ya gia. Kusahihisha spidomita hakutaondoa uzito huo. Kama unabeba mizigo au unapanda milima kila siku, rudi kwenye saizi ya stika.